Vazi la jirani halishonwi kwa picha

Na Mwandishi Wetu

MTAZAMAJI wa Kigali akimwona msichana jukwaani amevaa mushanana iliyotiwa lastiki kiuno kizima, hahitaji kuambiwa kuwa fundi aliyeishona si mwenyeji. Ndivyo ilivyo kwa mtazamaji wa Kampala anapoona gomesi yenye zipu mgongoni, na wa Zanzibar anapoona kanga iliyokatwa mpaka jina lake likakaa kichwa chini. Mwigizaji hajatamka neno, lakini vazi limekwisha kusema kwamba lilishonwa kwa kuangalia picha.

Zamani kosa la namna hiyo lilipita kimya kimya, kwa kuwa vikundi vingi viliigiza nyumbani mbele ya watu wa nyumbani. Leo wanaotazama ni majirani wenyewe. Tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST, limefanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Jumuiya nayo imepanuka. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, na sasa wanachama ni wanane. Kila aliyeingia amekuja na nguo yake na namna yake ya kuivaa.

Mzigo huo unamwangukia mtu ambaye jina lake husahaulika upesi pazia likishafungwa: fundi wa mavazi ya jukwaani. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza ni kuvisha kitambaa mwilini, yaani kukitanda na kukikunja juu ya mtu au sanamu la kushonea ili kuona kinavyoanguka. Pili ni kutengeneza kiolezo, ile karatasi ya kukatia ambayo mafundi wengi huiita paterni. Tatu ni kukata na kushona. Fundi wa mtaani anayeshona sare za shule na nguo za harusi anaijua vyema hatua ya tatu. Ugumu wa jukwaa la kikanda uko katika zile mbili za mwanzo.

Nguo isiyokatwa

Mavazi mengi ya ukanda huu kwa asili hayakatwi. Kanga ya pwani, shuka la Wamaasai, guntiino ya Wasomali, imvutano ya Warundi na mtandio wa begani wa mushanana ni vitambaa vilivyonyooka tu. Umbo lake linatokana na mkono wa anayejifunga. Ukikitoa mwilini, kinarudi kuwa kitambaa.

Katika maisha ya kila siku hilo ni faida. Mama akihisi kanga inalegea, huikaza huku akiendelea na mazungumzo. Jukwaani hawezi. Mikono imeshika mtungi au mkuki, taa zinammulika, na akigusa kiuno chake mara mbili watazamaji wanaacha kufuata hadithi na kuanza kuingoja kanga ianguke.

Njia ya mkato ni lastiki, na ndiyo inayoharibu. Lastiki husambaza mikunjo sawasawa kuzunguka kiuno, kama sketi ya mtoto wa shule. Nguo ya kujifunga haikai hivyo. Katika mushanana, kitambaa hukusanywa nyongani na kuacha sehemu nyingine ikiteleza chini laini. Macho ya Mnyarwanda yanajua mikunjo inapaswa kuwa wapi hata kama mdomo wake hauwezi kulieleza jambo hilo.

Fundi anayejua kazi huanza upande wa pili. Humwita mtu anayejua kulivaa vazi hilo, akamfunga mwigizaji kama inavyopaswa, kwa kitambaa chenye uzito uleule kitakachotumika. Hapo fundi hupiga alama za chaki kila mkunjo unapoanzia na unapoishia, akatia pini, akapiga bandi, kisha akalivua vazi zima bila kulifungua. Ndani huweka mkanda mgumu usioonekana, unaobana kiuno halisi cha mwigizaji. Mikunjo hushonewa kwenye mkanda huo tu. Kuanzia hapo kwenda chini kitambaa huachwa huru. Begani, mtandio hushikwa na kibonyezo kimoja kilichofichwa chini ya mkunjo. Mchezaji anaweza kuruka, kuinama na kuzunguka, na bado nguo inaonekana kama iliyofungwa kwa mkono dakika chache zilizopita.

Siri yote ni kujua mahali pa kushona na mahali pa kuacha. Ukishona mno, vazi linakauka kama bango. Ukiacha mno, linadondoka.

Ngoma, lubugo na heshima yake

Kuna mavazi ambayo swali lake halianzi kwenye mkasi. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wapigaji wake hubeba ngoma kichwani, hurukaruka juu na kutupa mikono hewani, wakiwa wamejifunga vitambaa vya rangi za bendera ya taifa lao. Kwa fundi hilo ni zoezi gumu, kwani nguo lazima istahimili miruko na mikono iliyonyooshwa huku bega moja likibaki wazi. Lakini ngoma hiyo ina sheria zake pia. Mwaka 2017 amri ya Rais wa Burundi iliweka masharti juu ya maonyesho yake na kuwazuia wanawake kuipiga. Mwongozaji wa nchi jirani anayetaka kuiweka ndani ya mchezo wake hana budi kujua kwamba anagusa jambo ambalo wenyewe wanalihesabu kuwa zaidi ya burudani.

Lubugo, kitambaa cha magome cha Waganda, nacho kina uzito kama huo. Hutokana na mti wa mutuba. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, shina likafungwa majani ya migomba ili lisikauke, kisha gome likapondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini na pana, lenye rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha yake mwaka 2008. Huvaliwa katika kutawazwa, katika matambiko ya uponyaji na katika mazishi.

Kwa mkono wa fundi, lubugo haifuati kanuni za pamba. Haikufumwa, kwa hiyo haina nyuzi za urefu na za upana. Ule ujanja wa kukata kwa mshazari ili nguo ivutike na kushika mwili haupo. Ukingo wake haufumuki, hivyo hauhitaji kupindwa. Lakini sindano ya cherehani ikipita kwa hatua fupi fupi, matundu yake hujipanga kama mstari wa kuchania stempu, na hapo ndipo vazi hupasuka mwigizaji anapoketi. Dawa yake ni hatua ndefu na kitambaa chepesi cha pamba kilichobandikwa kwa ndani kubeba uzito.

Namna ya kuivaa ni rahisi kuieleza. Wanaume na wanawake hujitanda kwa kuipitisha begani, na wanawake huongeza mshipi kiunoni. Namna ya kuistahi haionekani kwenye picha. Kitambaa kinachomsindikiza marehemu kaburini hakigeuzwi kuwa pazia la kuchekesha bila mtu kuuliza, na mtu wa kuulizwa yuko Buganda.

Kanga huzungumza yenyewe

Katika kanga, fundi anakutana na tatizo lisilopatikana katika vitambaa vingi duniani: kitambaa kina maandishi. Kila kanga ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina, yale maneno yaliyopigwa chapa juu ya mji, karibu na pindo la chini. Upana wake ni kama mita moja na urefu ni mita moja na nusu hivi, na huuzwa kwa doti, yaani mbili kwa pamoja.

Anayejifunga kanga huijua nafasi ya jina bila kufikiri. Huliweka nyuma, lisomeke anapoondoka. Lakini vazi la jukwaani mara nyingi hukatwa: gauni la bibi harusi, kanzu ya mganga, koti la mlevi. Fundi akilaza kiolezo chake juu ya kanga kama anavyolilaza juu ya kitenge, jina litakatwa nusu kwapani, na pindo la bega la kulia halitakutana na la kushoto.

Kwa hiyo hesabu ya kanga hufanywa kabla ya kununua. Gauni refu la mtu mzima linaweza kula doti mbili za aina moja ili mji ukae kifuani, pindo likae chini kote, na jina lijitokeze mara moja tu, mahali lilipokusudiwa. Haitoshi kununua doti moja leo na nyingine wiki ijayo, kwani chapa ya aina hiyo huenda ikawa imekwisha sokoni.

Kuna la zaidi. Watazamaji wa Mombasa, Tanga au Unguja watalisoma jina hilo. Kwao litakuwa mstari wa mchezo ambao mwandishi hakuuandika. Mke mwenza aliyevaa kanga ya mafumbo amekwisha kumjibu mwenzake kabla zamu yake ya kusema haijafika. Mwongozaji makini huchagua jina la kanga kama anavyochagua maneno ya mchezo. Asiyejali huenda akamvalisha mfiwa kanga inayopongeza harusi, na ukumbi ukacheka mahali pa kulia.

Fundi aliyeacha jina

Gomesi ya Uganda ni tofauti na hizo zote, kwa kuwa ni nguo iliyobuniwa kwa kiolezo na fundi. Jina lake linatokana na fundi wa asili ya Goa, Gomes, aliyefanya kazi nchini humo mwanzoni mwa karne ya 20. Shingo yake ni ya mraba. Mabega yamesimama kwa ncha. Vifungo ni viwili, upande wa kushoto. Kitambaa chake kinaweza kufika mita sita, na chini yake huvaliwa kikooyi ili nguo isinatie mwilini. Mshipi mpana hufungwa chini ya kiuno, ncha zake zikaning'inia mbele.

Hapa kuangalia picha kunadanganya zaidi kuliko kwingine. Picha inaonyesha mabega yaliyosimama, lakini haionyeshi jinsi mkono unavyokatwa juu ili mkunjo usimame bila kuanguka. Inaonyesha upana wa kiuno, lakini haionyeshi kikooyi. Vikundi vinavyoacha kikooyi ili kuokoa fedha hugundua kosa chini ya taa: nguo inalala miguuni na mama mwenye heshima zake anaonekana kama aliyenyeshewa mvua.

Jukwaani gomesi ina faida moja kubwa. Mshipi wake unaficha chochote kilicho chini yake. Fundi anaweza kupasua vazi kiunoni na kulifunga kwa vibonyezo, na mwigizaji akalivua kwa sekunde chache nyuma ya pazia bila watazamaji kujua kwamba lilikuwa na mlango.

Kipimo cha mtu anayeruka

Hata vazi likiwa sahihi kwa wenyewe, bado ni lazima lifanye kazi ya jukwaa. Mteja wa kawaida hupimwa akiwa amesimama wima. Mwigizaji hupimwa amesimama, ameketi, amechuchumaa, ameinua mikono na ameikunja kifuani, kwa sababu mgongo wa mtu aliyekumbatia kitu ni mpana kuliko wa mtu aliyesimama. Chini ya kwapa fundi huongeza kipande chenye umbo la almasi. Kipande hicho ndicho kinachoruhusu mkono kupanda bila kulivuta vazi zima juu.

Nafasi ya mshono nayo ni nyingine. Nguo ya kawaida huachiwa sentimita moja na nusu au pungufu. Ya jukwaani huachiwa mbili na nusu mpaka tano ubavuni na mgongoni, maana mwakani mchezo utarudi na mwigizaji mwingine, mnene au mwembamba kuliko wa kwanza. Kiolezo kipya hujaribiwa kwanza kwa merikani, ile pamba ghafi ya bei nafuu, kabla mkasi haujagusa kitambaa cha gharama. Hata rangi hupimwa upya: shuka jeupe pe pe pe hupofusha chini ya taa kali, hivyo huchovywa kwenye maji ya chai mpaka weupe wake upoe.

Mfano mzuri ni mchezo ambao ukanda huu umekwisha kuupeleka mbali. Mwaka 2012, ukumbi wa Globe wa London uliandaa tamasha la michezo ya Shakespeare katika lugha za dunia. Waigizaji kutoka Kenya waliigiza "The Merry Wives of Windsor" kwa Kiswahili, na kikundi cha Sudan Kusini, nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, kikaigiza "Cymbeline" kwa Kiarabu cha Juba.

Mchezo wa Windsor ni mtihani wa fundi. Mhusika wake mkuu, Falstaff, ni mnene kupindukia. Katika hadithi anajificha ndani ya kapu la nguo chafu, anatoroka kwa kuvaa kama bibi kizee, na mwisho anavishwa pembe za paa. Mwigizaji mwembamba anahitaji tumbo la bandia, na tumbo hilo hushonwa kwanza, kwa matabaka ya sponji au pamba yanayopungua kuelekea kingoni ili ukingo usionekane. Baada ya hapo ndipo vipimo vya nguo huchukuliwa, juu ya tumbo. Fundi anayekata shati kwanza na kuongeza tumbo baadaye atakata upya. Gauni la bibi kizee nalo lazima lipite juu ya vyote hivyo haraka, kwa hiyo hufunguka mgongo mzima, hata kama kwa mbele limechorwa vifungo kumi na viwili visivyofunguka.

Ghala liitwalo mitumba

Michezo ya historia ina mahitaji yake. "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Fundi anayeivalisha lazima afikirie kaniki na khaki. "Juliasi Kaizari" ya Mwalimu Julius Nyerere, tafsiri ya mwaka 1963, inadai toga za Kirumi, na kwa hizo Mwafrika Mashariki hahitaji msaada sana. Toga ni nguo ya kupitishwa begani, na mkono uliozoea lubugo au shuka unaifunga kwa urahisi.

Makoti, suti na sare ndizo zinazosumbua, na kimbilio la vikundi vyenye mfuko mwembamba ni mitumba. Koti la sufi la mtumba ni nguo na ni shule pia. Fundi hulifumua mshono kwa mshono, akalaza vipande juu ya karatasi, akavichora, na kesho ana kiolezo cha koti lenye bitana na kola iliyosimama.

Ndiyo maana mabishano ya biashara ya nguo hizo yanawagusa pia watu wa maigizo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kuziondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu Julai 2018 kwa kusimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo zake. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Kulinda viwanda ni hoja nzito, lakini koti la zamani likipanda bei, kikundi kinachohitaji makoti kumi na mawili ya zamani kinalazimika kuyashona. Hapo thamani ya kiolezo kilichotunzwa inaonekana kwa shilingi na faranga.

Mzigo mpakani

Mavazi yakishakamilika, yanasafiri. Sanduku lenye nguo arobaini mpya zilizopigwa pasi, mbele ya ofisa wa forodha, linafanana sana na bidhaa za duka. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatambua bidhaa zinazoingia kwa muda na kurudi zilikotoka, lakini utaratibu huo unahitaji orodha inayoeleweka kabla ya safari. Orodha yenye idadi, aina na picha ya kila vazi ni kazi ya saa chache, na huokoa siku nzima ya kusubiri.

Kwa anayenunua kitambaa ng'ambo ya mpaka, kuna cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Hiki hufaa kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Lubugo ya Uganda inafuzu. Kitenge kilichotoka China hakifuzu, hata kama kimenunuliwa Kampala na kimepewa jina la Kiganda.

Yapo mambo yasiyongoja serikali. Fundi akiitwa wiki ya mwisho, atashona kwa picha, kwa kuwa muda wa kitu kingine haupo. Akiitwa siku ya kwanza ya mazoezi, ataona nani anaruka, nani anabebwa, na nani ana nusu dakika ya kubadili nguo. Kikundi cha Mwanza kinachotaka kuvaa imvutano kinaweza kumpata Mrundi mmoja anayejua kuifunga, kumlipa kwa siku moja, na kumrekodi akifunga mara tatu polepole, mbele, nyuma na ubavuni. Fundi atachora kiolezo kutokana na hapo, ataandika juu yake uzito wa kitambaa na mahali mikunjo inapoanzia, na kukihifadhi. Kikundi cha Kisumu kikikihitaji mwaka unaofuata, kitapokea karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha, ikiwa na jina la aliyefunga na la aliyekata.

Gharama ya yote hayo ni siku moja ya mtu na mita chache za merikani. Asiyeilipa mapema huilipa usiku wa maonyesho, mbele ya wenye vazi.